Mto usiopwa

Kuna boti hapa Reading, Uingereza, ambayo tumeshazoeana mimi nayo. Imefungwa ukingoni karibu na pale mto Kennet unapoingia Thames, hatua chache kutoka kwenye bango linaloagiza kila boti iondoke baada ya saa 24. Nilianza kuiona mwaka juzi nikirudi kazini, maana mimi ni mtu wa zamu ya usiku na njia yangu ya asubuhi inapita mtoni. Siku hizo ilikuwa na pazia dirishani. Sasa pazia limeoza, turubai la bluu limechanika linapepea kama kanga iliyosahauliwa kambani, na kwenye ufa wa sitaha umeota mche. Si nyasi, ni mche wa mti, una majani manane, nimeyahesabu. Dirishani zimebandikwa karatasi tatu, moja juu ya mwenzake, kila moja ndani ya mfuko wa plastiki isilowe mvua. Ya juu inamtaka mwenye boti awasiliane na ofisi. Ya chini yake, kwa ile pembe iliyochungulia, inataka hivyohivyo.

Nimezaliwa Bweni, ng'ambo ya Pangani mjini, na nimesoma kwa kuvuka mto kila siku. Baba alikuwa na mashua. Kwa hiyo chombo kikiachwa kioze mimi hunikereketa kuliko kinavyomkereketa jirani yangu Mwingereza, ambaye akifika pale humvuta mbwa wake akaenda zake.

Watu wa nyumbani nikiwasimulia hawaniamini. Uingereza hiihii ambako ukiegesha gari dakika kumi mahali pasipo pako faini inakufuata mpaka mlangoni? Ndiyo, hiyohiyo. Na si kwamba sheria haipo. Tangu 2010 boti yoyote inayokaa kwenye Thames ya huku juu inatakiwa isajiliwe na Shirika la Mazingira la serikali, na nyingi zinadaiwa cheti cha usalama kinachopimwa upya kila miaka minne. Lakini boti ikishachoka huuzwa kwa pauni moja, au hutolewa bure kwa atakayeivuta. Mnunuzi haandikishi jina lake. Naye akiishiwa pesa anampa mwingine. Barua ya ofisi inamfikia mzee mmoja huko mbali aliyeiuza zamani akadhani yamekwisha.

Halafu kuna suala la nani mwenye mto. Maji yana mwenyewe na ukingo una mwenyewe. Kuanzia Teddington kwenda juu, usafiri wa mtoni unasimamiwa na hilo Shirika la Mazingira. Kuanzia Teddington kushuka London ni mamlaka ya bandari iliyoanza kazi 1909. Ukiingia Kennet hapa kwetu, lango la kwanza la kupandishia na kushushia boti, Blake's Lock, bado ni la Shirika la Mazingira; ukiendelea juu unaingia kwa Canal & River Trust, taasisi ya hisani iliyokabidhiwa mifereji ya serikali mwaka 2012. Ukingo wenyewe unaweza kuwa wa halmashauri, wa duka kubwa, au wa mtu mwenye bustani yake inayoishia majini. Kwa hiyo boti ikisukumwa mita hamsini tu imeshabadilisha serikali. Ofisi hii inasema kamuulize yule, yule anasema mwenye neno ni mwenye ardhi. Niliwahi kupiga simu mwenyewe, nikapewa namba ya kumbukumbu ndefu kuliko ya pasipoti yangu. Nimeihifadhi mpaka leo.

Wasidanganye mtu kwamba ni ugonjwa mpya. Ukishuka mto kutoka hapa, ukiipita Windsor, unafika Runnymede, uwanja ule ambapo mwaka 1215 Mfalme John alibanwa akatia muhuri hati ya Magna Carta. Humo ndani, katikati ya mambo makubwa ya haki na mahakama, kifungu cha 33 kinaamuru mitego ya samaki iliyojengwa mtoni ing'olewe yote kwenye Thames na Medway. Miaka zaidi ya 800 wanagombana nani kaziba mto!

Kilichonichukua muda kukielewa ni hiki: mbona Pangani, tusiko na mabango wala mifuko ya plastiki ya kuhifadhia barua, chombo hakikai miaka miwili bila watu kujua kina nini? Nilidhani labda ni umoja wetu, undugu, yale mambo tunayojisifia tukiwa ughaibuni. Siku moja nimesimama pale nikaitazama ile boti, maji yako palepale kwenye mstari wa kijani walipokuwa jana na juzi, ndipo nikang'amua. Thames hii haipwi.

Huko chini London inapwa na kujaa kama bahari. Lakini kutoka Lechlade mpaka Teddington kuna malango zaidi ya 40, kila moja na kizuizi chake, na kazi ya vizuizi ni kuyashika maji yabaki kimo kilekile. Boti inakaa Januari mpaka Desemba haionyeshi tumbo. Juu ikipakwa rangi kidogo inapita kuwa nzima, kumbe chini inaliwa.

Kwetu maji hayamsitiri mtu. Yakipwa, vyombo vyote vinapwelewa, vinalala ubavu kwenye tope kama ng'ombe wamechoka, na anayekwenda dukani kununua sukari anaona ubao uliotoka kalafati, ile pamba ya kuziba nyufa, anaona chaza walioganda kwenye mkuku, ule uti wa chini wa chombo, anaona shahamu ya kupaka tumboni imekwisha. Siku za bamvua ndiyo kabisa, maji yanateremka zaidi ya mita tatu na mto unabaki utepe. Wazee wanakaa kivulini wanasoma matumbo ya vyombo vya watu. "Hicho cha fulani kina njaa." Neno hilo likitoka saa nne asubuhi, adhuhuri limeshafika nyumbani kwa fulani, na mkewe ndiye anayemwuliza kwanza. Utakiweka wapi chombo kibovu watu wasikione? Na kikishindikana, hakingojwi kizame. Kinakwezwa, kinavuliwa mlingoti na foromali, ule mti wa kushikia tanga, misumari inanyooshwa, mbao nzuri zinakwenda kwenye chombo kingine au mlango wa banda la kuku, taruma moja, ubavu wa chombo, linakuwa benchi. Sijawahi kuona kaburi la mashua Bweni. Nimekalia mabenchi mengi.

Sasa nisije nikaonekana nawaimbia nyumbani. Nasi tunavyo vyombo vinavyooza na kila mtu anajua ni vya nani, na ndiyo vibaya zaidi. Chombo kilichokamatwa na magendo kinafungwa mbele ya ofisi fulani kuwa kielelezo. Kesi inaahirishwa, mwaka unapita, masika yanajaza maji ngama, yaani sakafu ya chini ya chombo, hakuna anayefua maji kwa sababu anayekigusa kielelezo anajitafutia kesi yake. Nilipokwenda likizo mara ya mwisho nilikuta jahazi zima, la watu walioungaungana kulinunua, limebaki mbavu, na mmoja wa wenyewe anapita pale kila siku akienda kuvua kwa mtumbwi wa kuazima. Huyu kosa lake lilikuwa nini, kumkodishia mtu? Mimi ningesema piga picha, pima, andika, mrudishie mwenyewe kwa dhamana au liuzwe mapema pesa zikae mahakamani. Mbao haiwezi kusubiri hukumu.

Na kuna faiba, boti za plastiki ngumu. Wavuvi wa kwetu wanazipenda kwa haki kabisa, haziingii maji na hazitaki kalafati. Ila faiba haiozi wala haitoi benchi. Hili Uingereza wamelipata mbele yetu: boti nyingi ninazoziona zimetelekezwa hapa ni hizohizo za faiba, na kuivunja moja kunagharimu kuliko thamani yake, ndiyo maana mtu anaona heri aifunge mahali pa umma usiku aondoke. Wafaransa wamejaribu dawa. Tangu 2019 watengenezaji wa boti wanachangia mfuko, na mwenye boti kuukuu akiifikisha kwenye kituo inavunjwa bila kumtoza. Ningependa Tanzania ilitazame hilo sasa, wakati faiba zetu bado changa, kuliko kungoja mikoko ijae maganda ya plastiki. Daraja la mita 525 nalo likianza kupitisha magari pale Pangani, sijui hivyo vyombo vya kuvushia watu vitaelekea wapi.

Nirudi mtoni kwangu, maana kuna mtu lazima nimtaje. Jirani wa ile boti yenye mche ni mama mmoja wa makamo, anaishi kwenye boti jembamba refu la chuma, rangi imebabuka, juu amepanga kuni, baiskeli mbili na gunia za makaa. Kwa mpita njia lake na lile lililotelekezwa ni jamii moja. Watu wa nyumba za ng'ambo huyaweka kapu moja wakiandika malalamiko. Lakini yeye yumo humo na paka wake, kwa sababu kodi ya chumba hapa imemshinda, na hilo nalielewa bila kuelezwa. Ninalipa kodi mji uleule. Wenzake wasio na gati la kudumu wanaokaa kwenye mifereji ya ile taasisi ya hisani, sheria ya 1995 haiwaruhusu kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14 bila sababu ya maana, na tangu Aprili 2024 leseni yao imepandishwa kupita ya wenye gati. Ukiugua wiki ya pili ni lazima ujieleze.

Januari ya mwaka huohuo wa 2024 ilipiga dhoruba waliyoipa jina Henk. Malango yote yaliweka mabango mekundu ya tahadhari, Thames ikapanda ikafunika njia ya miguu. Hapo ndipo nilipoona kamba inavyoua. Boti ndogo nyeupe, si ile yangu, ilikuwa imefungwa fupi na kukazwa, fundo la mtu asiyejua maji yanapanda. Mto uliinuka, kamba ikakataa, upande mmoja ukashikiliwa chini na maji yakaingilia dirishani. Asubuhi niliikuta limebaki paa, mtungi wa gesi unaelea, na mafuta ya dizeli yametandaza rangi za upinde wa mvua mpaka chini ya daraja la reli. Kwetu mtoto wa miaka kumi anajua kuiachia kamba nafasi ya kujaa na kupwa. Lakini mtoto huyo amefundishwa na mto wenyewe, mara mbili kila siku. Hawa mto wao unawafundisha mara moja kwa miaka mingi, halafu kwa kofi.

Yule mama alikuwa amesimama na buti za mpira, hajalala. Aliniambia ametoka na tochi saa nane usiku akafungua na kurefusha kamba za boti tatu zisizo zake. Ile yenye mche ilikuwamo. Nikamwuliza kwa nini aihangaikie, si angeiacha izame iondoke. Akaniambia ikizama ndiyo haiondoki kabisa, na isitoshe ingemwangukia yeye. Kisha akaonyesha karatasi iliyobandikwa kwenye dirisha lake mwenyewe: hata yeye waliwahi kumwandikia kama boti iliyotelekezwa, naye yumo ndani anapika. Alikuwa ameifanya karatasi hiyo kizuizi cha upepo.

Kwa hiyo rai yangu kwa hapa ni nyepesi kusema. Muuzaji abaki anadaiwa boti mpaka ofisi ipate jina la mnunuzi, wasio na makao waachwe wapumue, na nguvu zote za barua na kreni zielekezwe kwa zile tupu. Taasisi ya mifereji inaruhusiwa na sheria ya 1983 kuondoa boti iliyoachwa au kuzama baada ya notisi ya siku 28. Siku 28 zinatosha kwa mtu aliye hai na anayeijali.

Nayasema haya, na juzijuzi dada yangu alinitumia sauti kutoka Bweni. Baada ya shikamoo na habari za wote akafikia pale. Mashua ya baba ipo chini ya mti wa mkungu tangu tulipomzika. Mimi ndiye niliyesema isiuzwe, nitakuja niitengeneze, na mwaka wa kwanza nilituma pesa za deheni, mafuta ya kupaka chombo. Mwaka wa pili nikatuma nusu. Sasa kamati ya wavuvi ya BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi na ufukwe, imemwita, kwa adabu, wamwulize hiyo ni ya nani siku hizi, kwa sababu mahali pa kukwezea vyombo ni padogo na vijana wana ngalawa mbili hazina pa kukaa. Fundi yuko tayari kuibomoa, anasema foromali bado nzima. "Wanangoja neno lako tu, kaka."

Nimemjibu anipe wiki mbili. Hiyo ilikuwa kabla ya Ramadhani.