Gede na watoto: anzeni kisimani

Tangu Gede, magofu ya mji wa kale wa Waswahili katika pwani ya Kenya, iingizwe kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, familia zinazokwenda Watamu au Malindi zinaona haya kupita bila kuingia. Vizuri. Ila ziara yenyewe mara nyingi inaharibika kwa namna ileile: makumbusho, msikiti, kasri, makaburi, nyumba kumi na kitu, mwongoza watalii akimimina karne juu ya karne. Mkifika kasri, mtoto wa miaka minane anauliza soda iko wapi. Hana kosa, mpango ndio mbovu.

Mji ule una ekari kama 45. Msijaribu kuumaliza. Vituo vitatu kwa saa mbili vinatosha, na cha kwanza kiwe kisima cha msikiti mkuu.

Mtoto aliyewahi kutumwa maji hahitaji kufundishwa kisima ni nini. Mshikeni mkono vizuri, achungulie. Mwulizeni: ndoo ya lita 10 ina kilo ngapi? Watu mia wakitaka udhu kwa pamoja, zitavutwa ndoo ngapi, na nani anavuta? Hapo ndipo mumwambie kwamba visima vya Gede vilichimbwa tena kwenda chini, na kwamba kupungua kwa maji ni mojawapo ya sababu zinazotajwa za wenyeji kuuhama mji. Akishachungulia, hoja hiyo anaielewa bila hotuba. Kutupa jiwe ili kusikia mlio wake, hapana.

Kituo cha pili ni nyumba moja tu, mnayoipenda. Apime upana wa chumba kwa hatua zake, kisha cha pili, cha tatu. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, na upana haupishani sana. Sababu ilikuwa juu: dari nzito ya mawe na chokaa ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ikizidi mita tatu hivi, inapinda kwa uzito. Kwa hiyo mkoko ndio uliopima sebule. Nyumba nyingi zimepewa majina ya vitu vilivyofukuliwa humo katika uchimbaji wa mwanaakiolojia James Kirkman ulioanza 1948: Nyumba ya Mkasi, ya Taa ya Chuma, ya Simbi. Mwulizeni nyumba yenu ingeitwaje, kwa kile kilichoangukia nyuma ya kabati.

Kituo cha tatu ni cha wakubwa kidogo, wa darasa la sita kwenda juu: kaburi lenye tarehe, 802 Hijria, yaani kwa kalenda ya Kiislamu. Atajumlisha 622, mwaka ilipoanzia hesabu hiyo, apate 1424. Jibu sahihi ni 1399/1400. Mwacheni ahangaike kidogo kabla ya kumkumbusha kwamba mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kama 11, na kwa miaka 802 upungufu huo unafika karibu miaka 24.

Mwambieni mwongozaji vituo vyenu kabla ya kuanza, na mwombeni aongee Kiswahili. Wengine huanza Kiingereza kwa mazoea tu.

Nendeni asubuhi, kabla jua halijakolea. Viatu vifunike vidole, maana mizizi na matumbawe hayana huruma, na mjipake dawa ya mbu kwa kuwa mnaingia msituni. Chakula kikae kwenye mkoba wenye zipu: kima wa pale wanaijua sauti ya karatasi ya biskuti. Kupanda kuta kukatazwe kabisa, hasa baada ya mvua. Chokaa ya zamani ikilegea, jiwe linatoka pamoja na mtoto. Wasio na gari wapande matatu ya Mombasa–Malindi, washuke njia panda ya Gede, wachukue tuktuk. Wekeni pesa kwenye simu.

Makumbusho yaje mwisho. Mtoto aliyekwisha kupima vyumba anakwenda mwenyewe kwenye makabati ya vioo, kutafuta vyombo vya wale watu.