Springi ya Lori Inafaa Kuwa Nini?

Katika karakana za jua kali za Kamukunji, Nairobi, springi kuukuu ya lori haitupwi. Fundi huikata, huipasha moto kwenye makaa yanayopulizwa kwa feni, kisha huifua mpaka ikawa patasi au shoka. Wanaoitetea kazi hii wana hoja nzito kuliko ile ya bei. Springi nyingi za magari zina kaboni ya takriban asilimia 0.6, kiasi kinachotosha kuifanya iwe ngumu ikichovywa kwenye oili ingali nyekundu, ilhali chuma laini kinachouzwa madukani, chenye takriban asilimia 0.2, hakishiki makali hata kikichovywa mara kumi. Kwa hiyo patasi ya springi inaweza kuishinda patasi mpya ya bei nafuu.

Inaweza, kwa sharti moja. Chuma kilichochovywa tu huvunjika kama glasi. Lazima kisuguliwe king'ae, kisha kipashwe moto tena taratibu hadi uso wake ugeuke rangi ya nyasi kavu. Fundi mwenye haraka huiruka hatua hiyo, na ncha inapomeguka lawama huangukia chuma chakavu, kwa uonevu tupu, maana kosa ni la moto.

Wanaopinga, hata hivyo, wana hoja ambayo umahiri wa fundi hauifuti. Springi imepinda na kunyooka barabarani mara zisizohesabika, na huenda imeanza kupata nyufa ambazo jicho halizioni. Fundi mzoefu hukigusisha chuma kwenye jiwe la kunolea na kuzisoma cheche, lakini cheche humwonyesha hasa wingi wa kaboni, hazimsimulii mzigo ambao chuma hicho kimewahi kubeba. Patasi yenye ufa ni hasara ndogo, mradi mtumiaji amevaa miwani. Pini ya kuvutia trela yenye ufa kama huo ni jambo jingine kabisa, na hapo mimi nasimama na wapinzani.

Hatari huzidi pale ekseli iliyokatika inapounganishwa kwa kuchomelea. Chuma cha aina hiyo kisipopashwa moto kabla ya kuchomelewa na kuachwa kipoe polepole, sehemu iliyo kando ya kiungo hukakamaa, na ufa huweza kujitokeza saa kadhaa baadaye, mteja akiwa ameshalipa na kuondoka na gari lake.