Mche wa kivulini haujadumaa

Ukiingia msitu wa Amani, Usambara Mashariki, saa sita mchana, nje jua kali lakini chini ya miti kuna giza kama la chumba kilichofungwa madirisha. Kwenye msitu mnene kama ule, mwanga unaofika chini mara nyingi ni asilimia 1 au 2 tu ya ule unaopiga vileleni. Hapo ndipo unapoota mche wa msambu, mti wa asili wa msitu huo, mwembamba, majani ya kuhesabu. Watu wakiupita husema umedumaa. Nakataa, tena kwa nguvu zote, maana kuusoma vibaya mche huo kunatuulia miti.

Siku moja nilichuchumaa mbele ya mche mmoja. Doa la jua, ukubwa wa kisahani cha chai, likatua juu ya jani. Upepo ukavuma, doa likahama. Hata dakika haikutimia. Mche unaishi kwa madoa kama hayo. Jani lililokaa gizani haliwezi kuanza usanisinuru, yaani kujitengenezea chakula kwa mwanga, kwa nguvu zote papo hapo: vimeng'enya vyake, vichocheo vya kazi hiyo, vimelala, na vitundu vya kupitishia hewa vimefunguka kidogo tu. Kuamka kikamilifu kunaweza kuchukua dakika 10, hata 30. Lakini likishaamka halisinzii upesi, kwa hiyo doa la pili linafaidiwa kuliko la kwanza. Na jani lenyewe ni pana na jembamba, limejaa klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga, na chakula linachotumia lenyewe ni kidogo. Huo ni ustadi, jamani, wala si unyonge.

Sasa mti mkubwa ukianguka, jua linamwagika lote kwa mpigo. Jani la kivulini hupata mwanga kuliko linavyoweza kuutumia. Lina rangi za njano zinazosaidia kuutoa mwanga wa ziada kama joto, ila kinga hiyo ina kikomo. Ukizidi sana, mitambo ya ndani huharibika na jani hupauka. Jani lililokwisha komaa haliwezi kujijenga upya sana. Mche hulazimika kuchipua majani mengine, mazito zaidi, yaliyoumbwa kwa ajili ya jua, na hiyo ni kazi ya wiki kadhaa.

Ndiyo maana niliumia niliposhuhudia miche ya msituni ikitolewa chini ya makuti ya kitalu asubuhi, ikapandwa mchana huohuo kwenye eneo lililofyekwa likabaki jeupe. Siku chache baadaye majani yalikuwa na mabaka meupe katikati, kingo zimeungua. Lawama ikaenda kwa udongo.

Makuti yapunguzwe kidogo kidogo, wiki kadhaa kabla ya kupanda. Vichaka visifyekwe vyote. Mvule tuupe jua lake, kwa kuwa ndivyo ulivyoumbwa, lakini msambu tusiupeleke kwa kipimo cha mvule. Na Amani kuna sababu nyingine: msizi, mti ulioletwa huko mwanzoni mwa karne ya 20, hupenda sana mapengo, na ndege aitwaye hondohondo husambaza mbegu zake. Kila tunapofyeka kupita kiasi tunaukaribisha.

Katika ile miche iliyoungua, michache ilipona. Nilirudi kuitazama. Juu ya majani yaliyopauka kulikuwa na jipya, dogo, kijani kilichoiva, na nilipolipapasa lilikuwa gumu kuliko wenzake wote.