Usimlaumu Anayebonyeza Mara Mbili

Mama mmoja wa duka la vipuri, Barabara ya Kirinyaga, alinipigia simu asubuhi: "Kijana wangu, mashine yako imeuza breki pedi mara mbili." Nilipofika alinionyesha invoisi mbili, mteja mmoja, dakika ileile. Kijana wa kaunta alikuwa amebonyeza "Tuma", akaona kimya, akabonyeza tena. Nani asingebonyeza?

Kosa lilikuwa langu. Programu yangu huiandikia Excel kupitia COM, ile mbinu ya Microsoft ya mwaka 1993 ya komponenti, yaani vipande vya programu, kuitana. Siku hiyo Excel ilikuwa na jedwali zito, ikachelewa kujibu. Thredi (mkondo wa kazi ndani ya programu) yenye madirisha inaposubiri jibu hivyo, haiwezi kufunga masikio kabisa: komponenti nyingine ikiiita wakati huo, mwito huo nao hupita kwenye foleni ya ujumbe, ileile inayopitisha mibonyezo ya kipanya na kibodi. Ukifunga foleni, mtabaki mnasubiriana hadi jioni.

Ila ukiifungua ovyo, ndiyo yaliyonikuta. COM huuliza kupitia MessagePending, kwenye IMessageFilter, sehemu ambapo programu huiambia COM ishughulikie vipi ujumbe na miito: ujumbe umefika nawe bado unasubiri, tufanyeje? Mimi, kwa kuchoka na malalamiko kwamba skrini "imeganda", niliita PeekMessage (huchukua ujumbe kwenye foleni) na DispatchMessage (huupeleka ukafanyiwe kazi) humo ndani kwa kila kilichofika. Mbonyezo wa pili ukaingia, kazi ileile ikaanza upya katikati ya ile ya kwanza.

Jibu la kawaida, PENDINGMSG_WAITDEFPROCESS, lingetosha: dirisha linaendelea kujichora, kibodi na kipanya vinazuiwa. Kuna pia la kukatiza mwito, nami siliamini hata kidogo. Ukikatiza huku, Excel huenda imeshaandika mstari kule, nawe huna habari. (Mtu akiwa anahariri seli, Excel hukataa mwito kabisa; hilo ni la RetryRejectedCall, swali jingine la IMessageFilter, ambapo ukirudisha 100 au zaidi, hizo ni milisekunde za kungoja kabla ya kujaribu tena.)

Wenzangu wengi wa hapa mjini huona "isigande" ndilo sharti la kwanza. Mimi naona skrini iliyoganda sekunde nne ina heshima kuliko invoisi ya uongo.

Nilitoa ile mistari yangu, nikazima kitufe cha "Tuma" hadi jibu lirudi, na kuweka maandishi "Inatuma, ngoja." Mama akajaribu mwenyewe, akabonyeza kama mara saba.

"Imekataa," akasema, akabonyeza tena.