Mahepe yakiingia bandani: uchinje wote au ufunge geti?

Mtu ana kuku 14 nyuma ya nyumba, mmoja anaanza kuchechemea, kesho yake unamkuta kalala, mguu mmoja umeenda mbele na mwingine umeenda nyuma, anakula kama kawaida na macho anayo ila hasimami. Wiki mbili baadaye anafuata wa pili. Aliyekufa anapasuliwa, mshipa wa fahamu wa pajani umekutwa umevimba upande mmoja, ini lina vivimbe, basi ni mahepe, ule ugonjwa wa kuku unaoitwa pia Marek. Na mwenye kuku akiuliza afanye nini, jibu la kwanza analopewa karibu kila mara ni chinja wote, piga dawa banda, anza upya.

Mi naona jibu hilo linatoka haraka mno. Ila wanaolitoa wana hoja. Mahepe hayana dawa, na antibayotiki unazowapa hazimgusi kirusi. Ni kirusi cha ukoo wa hepesi, kikishaingia kwenye kuku hakitoki mpaka anakufa, kwa hiyo hata yule mtetea anayetaga vizuri na kung'aa manyoya bado anaweza kuwa anakimwaga kila siku. Aliyepooza anateseka kweli. Halafu kuna suala la chanjo, ambayo inazuia uvimbe na kupooza lakini haizuii maambukizi, na utafiti uliotoka mwaka 2015 ulionyesha kwamba kwa aina kali za kirusi kuku wasiochanjwa walikufa upesi kabla hawajasambaza sana, wakati waliochanjwa waliishi na wakaendelea kukimwaga. Anayesema kundi lenye mahepe ni hatari kwa majirani anasema kweli, sina cha kumpinga hapo.

Ninapokwama ni kwenye hilo neno "anza upya". Upya wapi?

Kirusi cha mahepe kinakomalia kwenye mashina ya manyoya, kinatoka na ule unga wa ngozi na manyoya unaodondoka kila kuku anapojikung'uta. Lile vumbi jepesi unaloliona likielea jua likipiga kwenye upenyo wa mbao, lililoganda kwenye wavu, kwenye fito za kulalia, kwenye tandabui za juu ya dari, hilo ndilo mahepe yenyewe, na ndani ya banda lina uwezo wa kukaa miezi bila kuku hata mmoja na bado likaambukiza, kwenye baridi linadumu zaidi. Linaingia kwa kuvutwa na pumzi. Linapanda kwenye viatu, kwenye nguo, kwenye ndoo, linabebwa na upepo. Kwa hiyo umechinja wote Jumamosi, umefagia, umepulizia dawa, mwezi unaofuata unaleta vifaranga wapya hawajachanjwa, unawaweka palepale. Unachokuwa umefanya ni kuwaua wale ambao miili yao ilishaonyesha inaweza kukihimili kirusi, halafu ukawaingiza kwenye vumbi lilelile wengine usiojua kama wataweza. Kuku unaweza kuwachinja lakini vumbi halichinjiki, na mimi sijui kwa nini jambo hili halisemwi kabla kisu hakijanolewa.

Tuangalie mashamba makubwa, yale yanayotoa kuku wote kwa mkupuo mmoja, sakafu ya zege, maji ya presha, banda linapumzishwa ndipo wanaingia wengine. Hao wana uwezo wa kusafisha kuliko yeyote mwenye banda la mbao na sakafu ya udongo, na bado vifaranga wao kwa kawaida wanachanjwa siku wanayoanguliwa, au wakiwa bado ndani ya yai. Kama wao hawategemei usafi peke yake, mtu wa kuku 14 atautegemeaje?

Tena kuambukizwa siyo kuugua. Kirusi hiki kimetapakaa duniani, ugonjwa wenyewe aliuelezea daktari wa mifugo wa Hungaria, József Marek, mwaka 1907 akiwa na majogoo wanne waliopooza, na leo kundi la kuku wakubwa ambalo halijawahi kukutana nacho ni la kutafuta kwa tochi. Wengi wanakibeba na hawaonyeshi chochote. Yaani hao kuku wapya unaotaka kununua ili uanze upya inawezekana kabisa wanakuja nacho, pengine cha aina kali kuliko chako.

Ndiyo maana mi nipo upande wa kulibakiza kundi, kwa sharti moja ambalo halina mjadala: geti linafungwa. Hakuna kuku anayetoka hai, siyo wa kuuza wala wa zawadi, jogoo haazimwi, na ukienda kwa mwenzako mwenye kuku unabadili nguo na viatu. Asiyeweza kuishi na sharti hilo basi wanaosema chinja wana haki juu yake, na kuuza "waliopona" haraka haraka ili hasara ipungue ni kumhamishia mwenzako msiba ukijua.

Kitu kinachonipa moyo ni kwamba kirusi hakipiti kwenye yai. Mayai ya mitetea waliohimili, yakiwa safi, yakaanguliwa kwenye mashine mbali na banda, yanatoa vifaranga wasio nacho. Uwezo wa kuhimili nao unarithiwa, miaka ya 1960 watafiti wa Cornell kule Marekani walichagua kuku kwa kigezo hicho na ndani ya vizazi vichache tu tofauti ikaonekana wazi. Ukiongeza chanjo ya siku ya kwanza, ambayo ikifanywa vizuri inazuia zaidi ya asilimia 90 ya ugonjwa, unakuwa na kundi ambalo huwezi kulinunua popote. Kazi ipo lakini. Chanjo inahitaji kama wiki moja mpaka mbili kushika, na muda huo kifaranga asikutane na vumbi la wakubwa, unawahudumia vifaranga kwanza ndipo uende kwa wakubwa, kamwe usirudi kinyume. Na kichupa cha chanjo mara nyingi ni cha kuku 1,000, kikishachanganywa kinafaa saa moja au mbili tu, ukiwa na vifaranga 12 inauma kumwaga iliyobaki, ila kumwaga huko ni rahisi kuliko kuwazika.

Nakubali siyo njia ya kila mtu. Anayeishi kwa kuuza vifaranga au mitemba (mitetea ambao hawajaanza kutaga) hawezi kufunga geti. Aliyepooza kabisa asicheleweshwe, amalizwe kwa huruma siku hiyohiyo. Na hakikisha kwanza ni mahepe kweli, maana kifaranga mwenye upungufu wa vitamini B2 naye anakunja vidole na kukaa chini na huyo anatibika, wakati kideri (ugonjwa wa Newcastle) kinakwenda kwa kasi nyingine kabisa, kinapindisha shingo na kuua kundi kwa siku chache, na hicho ni cha kuripoti mara moja siyo cha kujadiliana nacho. Kupasua mmoja aliyekufa kunasaidia sana kupunguza ubishi huo. Mayai ya kundi unaendelea kula, kirusi cha mahepe hakimpati binadamu.

Kundi likizeeka likaisha lenyewe, hapo ndipo kuanza upya kunakuwa na maana. Banda likae tupu miezi kadhaa, vumbi likwanguliwe mpaka kwenye dari, fito zibadilishwe, udongo wa juu utolewe, na wa kwanza kuingia wawe vifaranga waliochanjwa siku ya kuanguliwa na kulelewa kwingine wiki mbili au zaidi.