Moli Kumi na Sufuria ya Shangazi

Likizo moja ya kidato cha tano niliimalizia kwa shangazi yangu, Ujiji, ambaye hutengeneza sabuni ya mawese. Kila Alhamisi jioni alikuwa akiyeyusha kostiki soda katika ndoo nene, kisha akaiacha ilale hadi asubuhi, kwa sababu, alivyoniambia, hupata moto. Mimi, niliyekuwa natembea na daftari la kemia kwapani kama hirizi, nikaona anapoteza usiku mzima bure.

Nikaketi mkekani nikakokotoa kwa sauti ili asikie. Gramu 400 za kostiki soda, ambayo moli moja yake (fungu ambalo wanakemia huhesabia chembe) ni gramu 40, ni moli 10. Kila moli ikiyeyuka hutoa kilojuli 44.5 hivi za joto, kwa hiyo jumla ni 445. Nikagawanya kwa gramu 1,400 za mchanganyiko, yaani kostiki na lita 1 ya maji, kisha kwa 4.2, kipimo cha joto linalopandisha gramu moja ya maji kwa nyuzi moja, na jibu likatoka nyuzi 0.08.

"Shangazi, hata chai ya jana ina joto kuliko hili."

Akasema ndoo yake hanipi.

Basi nikakata shingo ya chupa ya maji ya kunywa, nikaisimamisha ndani ya sufuria yake ya alumini ili isianguke (hiyo ndiyo ilikuwa tahadhari yangu), nikatia lita 1 ya maji, nikamimina kostiki huku nikikoroga kwa mwiko. Punde mvuke mkali ukanipanda puani, chupa ikalegea kiuno, ikajikunja polepole kama mzee anayetafuta kigoda, kisha ikalala na kumwaga yote sufuriani. Sufuria nayo ikaanza kuchemka bila moto, ikitoa povu la kijivu na mlio wa maandazi yakikaangwa, kwa kuwa kostiki hula alumini na kutoa haidrojeni. Somo hilo nalo lilikuwamo daftarini, ukurasa uliofuata.

Nikiwa nyuma ya mchikichi nilirudia hesabu mchangani kwa kijiti. Sikuwa nimezigeuza kilojuli kuwa juli, elfu moja kwa kila moja, na ile 4.2 ilikuwa ya juli. Zilikuwa nyuzi 76, na maji yenyewe yalikuwa na zake kama 25.

Povu lilipotulia, shangazi akainama kutazama.

"Haya mwalimu, nipigie na hesabu ya sufuria."

Nikampigia: moli 10 za kostiki huweza kula moli 10 za alumini, yaani gramu 270. Safari hii sikukosea, maana kupitia kitako chake tuliuona mchanga.