Mzee, Weka Injini ya Toyota

Leo asubuhi nimeshaambiwa mara tatu, na nilikuwa sijatoka hata Chumbageni, hapa hapa Tanga mjini. Wa kwanza muuza mahamri. Wa pili kijana wa bajaji. Wa tatu mtu nisiyemjua kabisa, kapita na baiskeli yake, kasimama, kateremka, kanisalimu "Shikamoo mzee," nikamwitikia marahaba nikidhani ana shida, kumbe shida ni yangu: "Mzee, toa hiyo injini, weka ya Toyota, upumzike."

Upumzike! Mzee akianza kuambiwa apumzike, ajue sanda imeshapimwa.

Gari lenyewe ni MGB la mwaka 1966, viti viwili, turubai juu, rangi yake ilikuwa nyekundu kabla jua na chumvi ya bahari havijakaa kikao. Waingereza waliyatengeneza magari haya katika mji wa Abingdon kuanzia 1962 mpaka 1980, zaidi ya nusu milioni. Katika nusu milioni hiyo, moja likatambaa likafika kwenye banda la shamba la mkonge huku kwetu, likafunikwa makuti, likaningoja mimi nistaafu ukarani. Nilipolifunua, kiti cha abiria kilikuwa na kuku anatamia. Nikalipa.

Mke wangu alikuwa na mipango yake na kile kiinua mgongo. Palikuwa na friji pale, palikuwa na kisima. Nilipomweleza, hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Aliuliza tu, "Na kuku yumo kwenye bei?" Mpaka leo kiti chake anakiita kiti cha kuku, na kabla hajakaa anakipangusa.

Nyumbani tuko saba. Gari lina viti viwili. Hesabu hiyo nimeshafanyiwa na kila shemeji, sihitaji kukumbushwa.

Sasa hao wanaonishauri injini ya Toyota, nawaelewa. Fundi wa siku hizi kazaliwa na spana namba 10, 12, 14 mkononi. Hili linataka spana za inchi. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo fundi anachukua namba 13, inaingia, inacheza kidogo, anasema "imekamata mzee," anaining'inia, na nati inatoka duara kama gololi. Ya 7/16 ndiyo kabisa: namba 11 haiingii, namba 12 inaogelea. Nimezunguka mji huu mpaka nikapata spana za inchi kwa mzee mwenzangu aliyekuwa reli. Haniuzii. Ananiazima, na anakuja mwenyewe kuzifuata jioni, anazihesabu mbele ya wageni.

Kabureta ziko mbili, na kila moja ina kikombe kidogo juu kinachotaka oili. Nikimwambia fundi atie oili kwenye kabureta ananitazama kama nimemwambia atie sukari kwenye uji wa mtu mwingine. Na lazima zivute hewa sawasawa, la sivyo injini inatembea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Namna ya kuzipima ni kuchukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja kwenye kabureta, ncha nyingine sikioni, unasikiliza huku, unahamia kule. Jirani alinikuta hivyo ua wa nyuma, nimefumba macho. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mapigo yapo?"

Lakini umeme, jamani.

Mjukuu alitaka redio. Nikamwita kijana wa redio, kijana mzuri, ana stashahada. Akafungua boneti, akatafuta betri. Hakuna. Akafungua buti. Hakuna. Nikamwonyesha: ziko mbili, volti sita sita, zimefichwa chini ya sakafu nyuma ya viti, moja huku moja kule. "Kama figo," akasema, na hapo nilianza kumpenda. Nikamweleza vizuri kabisa kwamba gari hili umeme wake umegeuka. Kwenye magari anayoyajua, hasi ndiyo inafungwa kwenye bodi. Haya ya zamani, mpaka 1967, chanya ndiyo ilifungwa kwenye bodi. Akaitikia kwa kichwa, ndiyo mzee, nimekuelewa mzee. Nikaenda kuswali adhuhuri.

Kurudi, kijana anatabasamu. "Mzee, yule aliyekufungia zamani alikosea. Nimekurekebishia." Akabonyeza redio. Redio haikusema hata "hapa ni". Ilitoa moshi mwembamba, wa adabu, ukapanda moja kwa moja kwenye mwembe. Gari zima lina fyuzi mbili, na hakuna hata moja iliyojihusisha. Kijana akakusanya bisibisi zake, akaniambia nini? Mnajua alichoniambia.

Tanga nzima fundi mmoja tu hajawahi kunitajia Toyota, naye hana hata leseni ya kuendesha. Ni fundi baiskeli wa Ngamiani. Ilikuwa hivi. Magurudumu ya gari hili ni ya spoki, kama baiskeli, na katikati hakuna nati nne wala tano. Kuna kofia moja kubwa yenye masikio mawili, unaigonga kwa nyundo laini ya shaba mpaka ifunguke. Nilipata pancha, nikampelekea mtu wa matairi. Akagonga upande wa kulia tangu saa nne mpaka saa saba, jasho linamtoka, kofia haitikisiki. Haitatikisika. Upande wa kulia hesi zimegeuzwa ili gurudumu likizunguka lisijifungue lenyewe. Muda wote ule alikuwa ananikazia, na hela ya kukaza alitaka nilipe.

Nikalisukuma mpaka kwa fundi baiskeli, kwa kukata tamaa. Aliangalia, akaweka kikombe cha kahawa chini. Nikaanza kumweleza habari za hesi, akanikatiza. "Kama pedali ya kushoto." Basi! Pedali ya kushoto ya baiskeli si ndiyo inafunguka kinyume? Kila mtoto wa Tanga anajua. Akagonga mara tatu kwa gongo la mti akiwa amekinga kitambaa, kofia ikaachia.

Kisha akahesabu spoki. Sitini. Baiskeli kubwa nyuma ina arobaini, mbele thelathini na mbili, kwa hiyo hizi sitini zilimfurahisha kama mtu aliyeletewa mtoto mnene. Akaliegemeza gurudumu kwenye ukuta, akainamisha sikio, akawa anazigonga moja moja kwa ncha ya bisibisi. Ting. Ting. Ting. Tong. "Huyu mgonjwa," akasema, akamkaza robo mzunguko. Ting. Pale kijiweni watu waliacha bao wakatazama. Nilikaa kwenye kreti ya soda kwa saa nzima nikisikiliza, na nakiri, hiyo ndiyo redio pekee iliyowahi kulia kwenye gari langu.

Masika siyazungumzii sana. Turubai halikunjuki lenyewe. Unalitoa kwenye buti, unatoa na vyuma vyake, unavipachika, unalitandaza, unalivuta, unabana vifungo. Nikimaliza mvua imehamia Pangani, mimi nimeloa, na kiti cha kuku ni bwawa.

Na matuta! Aliyeyajenga matuta ya mji huu alikuwa na lori. Mimi nakaa chini mno, nikisimama kwenye foleni naona magoti ya watu wa Tanga, wengine nawatambua kwa vifundo vya miguu. Kila tuta nalipitia ubavu, polepole, kama kaa, na bado ekzosi inalilamba. Nyuma yangu honi zinalia. Miguu nayo inaiva, maana joto lote la injini linakuja kupumzikia kwenye pedali.

Mnajua wanavyosema, Tanga waja leo waondoka leo. Gari langu siku moja liliondoka leo, likaja keshokutwa, limefungwa kamba nyuma ya trekta.

Sasa juzi tumealikwa harusi ya mtoto wa shemeji, barabara ya Pangani. Nimevaa kanzu nyeupe, kofia ya kiua, udi umefuka. Mke wangu kajitanda, kavaa viatu vipya vya kisigino. Turubai tumeliacha wazi, na kusema kweli tulipendeza. Minazi huku na huku, upepo, watoto wanatupungia mikono. Hata yeye alicheka mara moja, nilimwona.

Gari hili pampu yake ya mafuta ni ya umeme, inapiga tik-tik-tik kama saa ya ukutani. Tukiwa tumeuacha mji, ile tik-tik ikanyamaza. Mbele kidogo injini nayo ikanyamaza. Tukasimama kando, chini ya mwembe, penye kijiwe cha bodaboda.

Dawa yake naijua. Platini ndani ya pampu zimegandana, inatakiwa kugongwa tu, ipo chini, mbele ya gurudumu la nyuma la kulia. Nikafungua mlango niteremke.

"Unakwenda wapi?"

"Kuigonga pampu."

"Na kanzu hiyo? Niliyoifua mimi? Kaa hapo hapo, Baba Zubeda. Geuza ufunguo."

Akateremka. Akavua kiatu kimoja. Akazunguka nyuma, mguu mmoja juu mmoja chini, akakunja buibui, akachuchumaa, mkono ukaingia chini ya gari. Nikasikia ko, ko, ko. Halafu kimya. Halafu, kwa hasira ambayo sidhani ilikuwa ya pampu peke yake, KO!

Tik-tik-tik-tik.

Bodaboda wote wakapiga makofi. Mmoja akamkimbilia na dumu la maji anawe mkono, kijana mwenye heshima zake. Akamwambia, "Mama, pole. Mshauri mzee aweke injini ya Toyota."

Mke wangu akanawa taratibu. Akajifuta. Akakipangusa kiti cha kuku, akakaa, akafunga mlango.

"Ya nini?" akamwambia. "Kiatu ninacho."